Kumpeleka Dieume Buffalo

Safari hii ilianza kwa simu ya mume wangu. Alikuwa kazini, kwenye bohari, na alipiga kelele mpaka nikadhani ameumia.

"Mama Dieume, fungua internet! Jina ya mutoto iko pale! Banaandika jina yake!"

Ninyi mliobaki Uvira mmeniuliza mara nyingi mambo haya ni nini, basi niwaeleze. Kila mwaka, mwezi wa saba, timu kubwa za besiboli za Marekani huchagua vijana wanaotoka sekondari na vyuo, jina baada ya jina. Huo ndio uteuzi. Kijana akiitwa mapema, maisha yake hubadilika siku hiyohiyo. Kabla ya siku yenyewe kufika, kuna waandishi wanaozunguka viwanjani na kutabiri nani ataitwa. Mmoja wao alikuwa ameandika juu ya warushaji wa mkono wa kushoto, na kati yao akamtaja mwanangu Dieumerci, Dieume wetu, wa South End, Louisville, na kusema kwamba timu zinazolala zitajuta.

Mrushaji ndiye anayesimama katikati ya uwanja, juu ya tuta la udongo, akimtupia mpira mpinzani mwenye gongo. Kazi yake ni kumfanya akose. Wanaorusha kwa kushoto ni wachache, ndiyo maana wanatafutwa sana. Mnakumbuka bibi yake alivyokuwa akimfunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula, ajifunze kutumia wa kulia? Hakujifunza. Tulipofika Marekani, mwalimu wa michezo alimwona akimrushia mwenzake chungwa kutoka upande wa pili wa ukumbi wa chakula, na tangu siku hiyo hatukumwona tena nyumbani kabla ya jioni.

Kocha wake wa timu ya kiangazi, Mmarekani mrefu mwenye maneno machache aitwaye Keli, alitupangia mambo. Maskauti, yaani watu wanaotumwa na timu kubwa kutazama vipaji, wangekuwa Columbus siku ya Alhamisi na Buffalo siku ya Jumapili. Columbus ilikuwa ya kujionyesha kwa ufupi. Buffalo ndiyo yenyewe. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, akanyimwa. Mimi natunza wazee majumbani mwao, kwa hiyo nilibadilishana zamu na wenzangu, nikajaza mafuta, tukaondoka.

Alhamisi asubuhi tulitoka Louisville kabla ya magari kuwa mengi. Dieume ana miaka kumi na minane na leseni anayo, lakini alikataa kushika usukani. Alikaa pembeni yangu, mkono wa kushoto ameulaza juu ya mto mdogo aliouchukua kitandani. Nilidhani anautunza kama mwanamuziki anavyotunza gitaa. Nilimwambia hivyo, akacheka kidogo.

"Umelala vizuri?" nikamuuliza.

"Nimelala, Mama."

Siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili ili msipate taabu.

Tulivuka mto Ohio pale Cincinnati, na kuanzia hapo barabara ikanyooka katikati ya mashamba ya mahindi mafupi. Simu yangu haikunyamaza. Watu wa kanisa, wenzetu tuliokaa nao kambi ya wakimbizi Kigoma, hata mwanamke mmoja ninayemjua kwa sura tu, wote walitaka kujua tumefika wapi. Kila simu ilipoisha, Dieume alifumba macho.

Columbus tulipokelewa na Mama Eliza, mwanamke wa Kigoma ambaye zamani alikuwa akituuzia mihogo karibu na kambi na sasa anafanya kazi katika kiwanda cha vyakula. Kiswahili chake kimenyooka, changu kilijaa Kifaransa mpaka yeye akakinyoosha, na tangu zamani tunataniana kwa hilo.

"Karibuni sana. Ndiye huyu? Mwanangu, umekuwa mlingoti!" Alimshika Dieume mabega. Dieume alirudi nyuma hatua moja, kisha akatabasamu kwa adabu na kumwamkia.

Mchana tulikuwa uwanjani. Nyuma ya wavu walikaa wanaume kama ishirini na wanawake wawili, wote wamevaa kofia, kila mmoja ameshika chombo cha kupimia mwendo, kama vile vya polisi wa barabarani. Hawashangilii. Mtoto akirusha vizuri wanaandika, na akirusha vibaya wanaandika vilevile. Vijana walipanda tutani mmoja baada ya mwingine huku wazazi tumeshika uzio, hakuna anayemtazama mwenzake.

Dieume alipopanda, mpira wake wa kwanza uligonga glavu ya mdakaji aliyechuchumaa mbele yake kwa mlio uliofanya watu wawili nyuma ya wavu wanyanyue vichwa. Wa pili hivyohivyo. Mama Eliza alinibana mkono. Kocha Keli, aliyesimama karibu nasi, alisema tu, "Vizuri." Lakini mipira ya mwisho ilianza kupanda juu na kwenda pembeni. Baada ya kila mmoja Dieume aliuacha mkono uning'inie, akafungua na kufumba vidole. Alipomaliza alishuka akitabasamu. Skauti mmoja alimpa mkono, na nikaona mwanangu anatoa wa kulia. Sikulitilia maanani.

Jioni, mezani kwa Mama Eliza, kulikuwa na ugali, samaki na majani ya mihogo. Dieume alinawa, akakaa, akamega tonge kwa mkono wa kulia. Alimega vibaya, kama mtoto mdogo, tonge likaanguka mchuzini. Akamega tena kwa kulia.

Tangu utotoni hakuwahi kula kwa mkono huo. Mbele ya mwenyeji wetu nilisifu samaki tu.

Ijumaa asubuhi tuliagana na Mama Eliza. Tulipofika kituo cha mafuta nje ya mji nilisimamisha gari, nikazima injini.

"Nyoosha mkono."

"Mama, ni uchovu tu."

"Nyoosha."

Aliunyoosha, ukaishia njiani. Kiwiko kilikataa kufunguka chote. Nilipogusa upande wa ndani kwa kidole kimoja, alivuta pumzi kwa meno na kuugeuzia uso mlango.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne. Kidole cha mwisho kinalala kwa ganzi. Nikimeza dawa ya maumivu kinaamka kidogo." Kisha aliacha Kiingereza chake, akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipoogopa kweli: "Mama, usimwambie Baba. Usimwambie kocha. Jumapili tu. Jumapili ikipita nitasema yote."

Tukashika barabara ya Cleveland. Mume wangu alipiga simu akicheka, akisema wenzake wote bohari nzima wanamwita baba wa nyota. Nilijibu kwamba barabara ni nzuri. Nilipokata simu, Dieume alisema asante kwa sauti ndogo, na asante ile iliniuma kuliko kama angenitukana.

Baada ya Cleveland tuliingia barabara inayofuata ziwa Erie. Ziwa lenyewe huonekana kwa vipande, kati ya mashamba ya zabibu, kisha linapotea. Tulisimama mahali pa kupumzikia. Nilinunua maji, nikampa chupa. Alijaribu kuifungua, akashindwa, akaiweka juu ya meza kana kwamba hana kiu. Nikaifungua mimi.

"Nieleze," nikasema. "Unataka nini hasa?"

"Wakijua naumwa, hakuna atakayenichagua. Wakishanichagua, wao wenyewe watanitibu. Wana madaktari wazuri kuliko wote. Kila mtu anafanya hivyo."

"Kwa hiyo unataka kumuuzia mtu mbuzi mwenye mguu uliovunjika, halafu yeye ndiye aufunge bendeji?"

Hakucheka. "Mimi siyo mbuzi, Mama."

"Ndiyo. Mbuzi akivunjika nalia siku moja."

Alitazama magari. Nilitaka kumwamuru. Lakini yeye ni mtu mzima kwa sheria ya hapa, sahihi yake ni yake, na mkono ni wake. Nikamwambia hivi: "Mimi sitakusemea leo. Una mpaka Jumapili. Lakini ukipanda pale ukaendelea kurusha huku umeficha, nitafungua lango na kuingia uwanjani na viatu vyangu vya kanisani, mbele ya maskauti wote. Unanijua."

"Nakujua," alisema. Tukapanda gari.

Buffalo tulifika alasiri. Ndugu yangu mdogo, Safari, anakaa Black Rock, karibu na mto, kwenye mtaa wa nyumba za mbao zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Nyumba yake aliikuta haina madirisha, akaitengeneza mwenyewe vyumba vyote. Alitusubiri barazani, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama zamani.

"Yaya! Karibu, karibu! Na champion njo huyu? Mujomba wako hakulala, unasikia? Donc, dimanche kanisa yote inakuya."

"Jumapili, kanisa lote?" nikauliza.

"Yote! Pasteur amekata ibada, itakuwa mufupi. Batu ba East Side banakuya na magari yabo."

Dieume alinitazama, kisha akatazama viatu vyake.

Jumamosi nyumba ilijaa. Walikuja kumsalimu, kula, kupiga picha naye. Mama mmoja mzee wa kanisa, anayependwa na wote kwa maombi yake, alisema lazima auombee mkono. Aliushika kwa mikono yake miwili, pale pale kwenye kiwiko, akafumba macho na kuanza. Kadiri alivyozidi kuomba ndivyo alivyozidi kuukaza. Nilimwona mwanangu anapauka. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Hakutoa sauti. Wengine walidhani ni Roho, wakaanza kuimba. Nilisimama, nikasema, "Amina!" kwa nguvu mpaka sala ikakatika, na watu wakanishangaa.

Safari alinifuata jikoni. "Yaya, kuko nini? Mutoto iko mugonjwa?"

Nikamweleza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa. Baadaye alisema polepole, "Bon. Arushe kidogo tu. Mipira kumi. Balishamuona Columbus, bataamini. Kisha baende hôpital."

"Na mkono ukikatika kwenye mpira wa kumi?"

"Na ukikosa kukatika? Yaya, miye minabeba masanduku hapa tangu nilifika. Weye unageuza bazee kitandani. Mara moja, mutoto wetu anapewa mulango. Mara moja!"

Kweli nawaambieni, nilitamani kumsikiliza. Nilisimama pale jikoni nikiwaza labda mipira kumi si kitu, labda kidole kinalala kwa sababu ya baridi ya ziwa, labda Mungu atamlinda kwa nusu saa. Nilikuwa karibu kumwita Dieume na kumwambia naondoa neno langu la kuingia uwanjani. Nilifika mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma peke yake, akijaribu kuufikisha mkono wa kushoto begani kwake, anafika nusu, anashusha, anajaribu tena. Nikarudi jikoni kuosha vyombo.

Jumapili upepo wa ziwani ulivuma tangu asubuhi. Tulipofika uwanjani maskauti walikuwa tayari wamekaa, wengi kuliko wa Columbus, makoti yamefungwa mpaka shingoni. Kisha yakaja magari ya kanisa. Wakashuka akina mama wenye vitenge, wanaume wenye suti, ngoma moja, na sufuria za wali. Wakajaza benchi zote za upande mmoja. Wazazi wengine walitutazama. Safari alipita kwa kila mtu akieleza mchezo ambao yeye mwenyewe haujui vizuri.

Kabla ya Dieume alirusha kijana mmoja wa hapo Buffalo, naye wa mkono wa kushoto, aliyetajwa na yule mwandishi pamoja naye. Mikono yake ilikuwa mirefu na hakuwa na haraka. Mipira yake ilikuwa ikilia. Nyuma ya wavu kalamu hazikupumzika. Niliona taya ya mwanangu inakaza.

Wakamwita. Ngoma ikalia. Nilitoka benchini nikaenda kusimama kwenye lango dogo la uzio, karibu na Kocha Keli. Mkono wangu ulilipata komeo kabla ya macho. Lilikuwa baridi.

Mipira ya kupasha mwili aliitupa taratibu. Mpigaji wa kwanza akaingia na gongo lake. Mpira wa kwanza ulikuwa mzuri, mpigaji akakosa, kanisa likapiga vigelegele. Skauti mmoja aliangalia chombo chake, akakionyesha kwa mwenzake, na wote wawili wakakunja uso. Mwendo ulikuwa umepungua. Mpira wa pili ukaenda pembeni. Wa tatu ukaruka juu ya kichwa cha mdakaji na kugonga wavu.

"Anaharakisha," Kocha Keli alinong'ona.

Nilinyanyua komeo.

Dieume aligeuka akanitazama. Katika upepo ule na kelele zile, alinitazama mimi tu. Kisha akatikisa kichwa, mara moja. Sikujua maana yake. Kama ananikataza ili aendelee kujiumiza, basi niingie sasa. Kama ananiomba nimngoje, basi nimngoje. Nilibaki na komeo mkononi, lango limefunguka upana wa kidole.

Alishika mpira, akajiandaa, akanyanyua mguu. Halafu akaushusha mguu chini. Akautoa mpira kwenye glavu, akautazama, akanyanyua mkono wa kulia kumwita kocha.

Kocha Keli alipita langoni mbele yangu akikimbia. Walisimama tutani wawili wao. Dieume alizungumza, akashika kiwiko, akaonyesha kidole cha mwisho. Kocha aliinamisha kichwa. Kisha akaupokea mpira na kumshika bega la kulia. Nyuma ya wavu kalamu zilisimama. Kofia zikasogeleana.

Upande wetu hakuna aliyeelewa. Waliona tu kijana wao anashuka tutani baada ya mpigaji kukosa na mdakaji kukimbizana na mpira, wakadhani kashinda. Ngoma ikapanda. Wakasimama wote, wakaimba, akina mama wakapunga vitenge, na Dieume akaja kwangu kupitia kelele zile za furaha huku machozi yanamtiririka. Nilimkumbatia langoni. Safari peke yake ndiye aliyekuwa amekaa, ameficha uso kwa mikono.

Baadaye alikuja skauti mmoja, mwanamke wa makamo, akaniamkia kwanza mimi. Alimwambia Dieume bila kuzunguka: "Mwezi wa saba sitakuandika. Timu yangu haitakuchagua, na sidhani kama nyingine itakuchagua. Kesho nenda kwa daktari. Ukipona, mwambie kocha wako anipigie." Hakuahidi lolote. Dieume alimshukuru.

Nilimpigia mume wangu kutoka garini. Nilimweleza yote, tangu tonge lililoanguka mchuzini.

"Anaumwa sana?" aliuliza.

"Sana."

"Na alisema yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Bon. Murudishe mutoto nyumbani. Polepole kwa barabara."

Jumatatu tulirudi Louisville bila kulala njiani. Safari alitufungia wali, akamshika Dieume kisogo pale barazani kabla ya kumwachia. Karibu na Cincinnati, mwanangu alianza kuzungumza bila kuulizwa.

"Nilipotikisa kichwa nilikuwa nakuambia usije."

"Ulitaka kuendelea?"

"Nilitaka, ndiyo. Mpira wa nne nilikuwa tayari kuurusha." Alitazama mto ulipokuwa unakaribia. "Lakini ungeingia wewe, wangesema mama yake ndiye aliyemtoa. Nikaona bora wasikie kwangu."

Daktari alisema kano inayoshika mifupa ya kiwiko kwa ndani imechanika nusu na kwamba nusu iliyobaki ilikuwa inangoja sababu tu ya kukatika. Dieume alifanyiwa upasuaji. Kwa mwaka mzima na zaidi haruhusiwi kurusha kitu. Chuo kimoja cha Kentucky kilichokuwa kimemwahidi nafasi hakijaiondoa, ingawa hakijasema mengi pia. Siku ya uteuzi tulifungua televisheni wote. Yule kijana wa Buffalo aliitwa mapema. Dieume, mkono umefungwa kifuani, alimwandikia ujumbe wa pongezi kwa kidole gumba cha kulia, akaenda chumbani, akafunga mlango. Hatukumfuata.

Mnaniuliza kwenye simu kama najuta. Kuna siku najuta, hasa nikirudi kazini na mgongo unauma. Kama atarusha tena, sijui, na madaktari nao hawasemi. Nilijifunza kwamba mtoto akishakua kuna mahali mama anafika akasimama, hata lango likiwa wazi mbele yake. Niliendesha gari mpaka Buffalo kumwona mwanangu akirusha mpira. Nilimwona akisema kweli peke yake, mbele ya watu wote aliotaka wamsifu, wakati kunyamaza bado kungeweza kumpa alichokuwa akikitafuta.